Muulize Sarahangi: Taa za Menorca

Katika toleo lililopita mimi sarahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, niliandika juu ya pepo za Bahari ya Mediterania, na humo nikapitisha sentensi moja kwamba kisiwa cha Menorca, mali ya Uhispania, kina minara ya taa saba. Sikudhani kuna atakayeishika. Mhariri ameniletea hapa South C bahasha nzima ya barua, na wa kuuliza upepo hayupo. Watu wanataka taa. Basi leo ni taa. Barua zilizofanana nimezijibu kwa pamoja, na ile yenye matusi nimemrudishia mhariri aisome yeye.

*Shikamoo Mzee Sarahangi. Dada yangu anafanya kazi ya usafi katika hoteli moja Ciutadella, huko Menorca, na kila akipata siku ya kupumzika hunitumia picha ya mnara mwingine. Nimeangalia ramani kwenye simu, kisiwa chenyewe hakifiki kilomita 50 kutoka ncha hadi ncha. Minara saba ya nini? Au ni mapambo ya watalii?* — Binti wa Pipeline, Embakasi

Marahaba, mwanangu. Watalii wameikuta. Fungua tena hiyo ramani, weka kidole Marseille, kusini mwa Ufaransa, kisha kivute kishuke moja kwa moja mpaka Algiers. Kidole kitakanyaga Menorca. Hakipiti kando, kinakikanyaga kisiwa chenyewe. Ufaransa iliivamia Algeria mwaka 1830, na tangu hapo meli za njia hiyo zikawa haziishi, zimebeba askari, barua, mapipa ya divai na abiria, na kila moja ilibidi ichague kupita mashariki ya Menorca au magharibi yake. Ongeza meli za Genoa na Barcelona. Ongeza bandari ya Mahón, ghuba jembamba linaloingia ndani ya nchi kavu kwa kilomita 5 hivi, ambalo Waingereza walilipenda hata wakakitawala kisiwa kwa sehemu kubwa ya karne ya 18. Kisiwa ni kidogo, sikatai, ila kimekaa njiani.

Halafu kuna huo upepo ambao hamkutaka kuuliza. Wenyeji huuita tramuntana. Unashuka kutoka bara la Ufaransa, unavuka Ghuba ya Lion ambako hakuna kisiwa hata kimoja cha kuupunguza makali, na wa kwanza kuupokea ni Menorca. Mizeituni mwitu ya pwani ya kaskazini imelala yote upande mmoja. Ukiwa na chombo kaskazini mwa kisiwa siku hiyo, mwamba uko upande unakosukumwa. Mashine ikizima, huna la kufanya ila kutia nanga na kuomba ishike. Mabaharia wa bahari zote wanapaogopa mahali pa namna hiyo, na usiku wanapaogopa mara mbili.

Mwaka 1847 serikali ya Uhispania ilitoa mpango wa kuiwashia taa pwani yake yote. Menorca ikapata Cavalleria mwaka 1857, kwenye rasi ya kaskazini kabisa. Ikaja Artrutx mwaka 1859, pembe ya kusini-magharibi, na mwaka 1860 ikafuata taa ya kisiwa kidogo cha Aire, pembe ya kusini-mashariki. Mwaka 1863 ikawashwa ya Ciutadella, mdomoni mwa bandari, huko huko aliko dada yako. Chukua kalamu uzitie nukta kwenye karatasi. Umeliona pengo? Pembe ya kaskazini-magharibi haina kitu. Ubavu wa kaskazini-mashariki, kati ya Cavalleria na Mahón, hauna kitu. Na huko ndiko tramuntana inakopiga. Karibu miaka 50 ikapita hivyo hivyo.

Tarehe 9 Februari 1910 meli ya abiria ya Kifaransa, General Chanzy, iling'oa nanga Marseille kwenda Algiers. Upepo ulikuwa umechacha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 ikajibamiza kwenye majabali ya kaskazini-magharibi mwa Menorca ikavunjika. Waliokuwemo walipita 150. Aliyetoka hai ni mmoja, kijana aliyeitwa Marcel Baudez, mfanyakazi wa forodha aliyekuwa njiani kwenda kazini Algeria. Bahari ilimtupa pwani, akalipanda jabali peke yake akatafuta watu.

Taa ya Punta Nati iliwashwa mwaka 1913, karibu na pale pale meli ilipovunjikia. Favàritx, ule ubavu mwingine uliokuwa na giza, ikawashwa mwaka 1922. Ni kama matuta ya barabarani mitaani kwetu, ambayo huwekwa baada ya mtoto kugongwa, na kila mtu alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba magari yanapita pale mbio.

Mwambie dada yako akienda Punta Nati asipige picha ya mnara peke yake. Ardhi yote pale ni mawe. Hakuna mti. Wakulima wa zamani waliyaokota mawe hayo wakayapanga kuta bila saruji, shamba baada ya shamba, na wakawajengea mifugo vibanda vya mawe vinavyopanda kwa ngazi ngazi mpaka juu. Picha nyingi ninazoziona hukata hayo yote zikauacha mnara unaelea, na mimi naona wamekata kilicho bora.

*Mzee, mimi ni utingo wa lori. Usiku barabarani taa za mbele zote ni moja, huwezi kujua ni basi au ni trela. Sasa nyinyi huko baharini mlijuaje hii ni taa ya Menorca na si ya kwingine? Zimeandikwa jina?* — Utingo, Cabanas

Zimeandikwa, kwa sekunde. Kila taa ina mpigo wake, na mpigo huo umechapishwa katika kitabu cha taa kinachokaa chumba cha usukani. Cavalleria humweka mara mbili kila sekunde 10. Artrutx humweka mara tatu kila sekunde 10. Aire mara moja kila sekunde 5. Favàritx humweka mara moja, inapumzika, inamweka mara mbili, na mzunguko wote ni sekunde 15. Punta Nati ni tatu, kisha moja, katika sekunde 20. Zote nyeupe. Zilizo jirani hazipewi mpigo mmoja, ili mtu asije akazichanganya.

Nikueleze inavyofanyika, kwa sababu watu hudhani ni kutazama tu. Tulikuwa tumetoka Genoa na shehena ya mashine, tunakwenda Oran, majira ya baridi. Sarahangi hana kazi chumba cha usukani usiku, lakini ofisa wa pili alikuwa mtu wa gumzo na mimi nilikuwa na birika la kahawa. Kabla ya taa yenyewe unaona kwanza mng'ao wake, weupe hafifu unaoinuka nyuma ya upeo wa bahari na kuzima, kwa sababu taa yenyewe bado imefichwa na mviringo wa dunia. Baada ya muda ikachomoza nukta. Ofisa akabonyeza saa yake. Mimi nikatoa tasbihi mfukoni, chembe moja kila sekunde, maana gizani huna haja ya kuiangalia na vidole vimeshazoea mwendo.

Siri ni mahali pa kuanzia. Unaanza mweko wa kwanza wa kundi, unahesabu mpaka mweko wa kwanza wa kundi linalofuata. Ukianzia mweko wa mwisho, hesabu inakuja pungufu, unafungua kitabu, na kitabuni taa ya namna hiyo haipo, au mbaya zaidi, ipo mahali pengine. Unarudia mara tatu. Halafu ndipo unaipima kwa dira na kuchora mstari kwenye ramani.

Kwa nini mara tatu? Kwa sababu ya wimbi. Ukiwa kwenye chombo kidogo, macho yako hayako juu sana, na wimbi likiinuka kati yako na taa linameza mweko mmoja. Sasa fikiri: Artrutx ni tatu kwa sekunde 10, Cavalleria ni mbili kwa sekunde 10. Wimbi likila mmoja, Artrutx imegeuka Cavalleria. Moja iko kusini-magharibi ya kisiwa na nyingine kaskazini. Usiku ule ilikuwa mbili, mbili, mbili. Ofisa akaandika, tukamaliza kahawa.

Mchana ni habari nyingine. Favàritx imepakwa mstari mweusi unaouzunguka mnara mweupe kutoka chini mpaka juu. Rasi yenyewe ni ya mawe meusi ya bamba, hakuna jani, na mnara wa rangi ile utaujua kutoka mbali hata kama taa imezimwa.

*Mzee wetu, siku hizi simu iko na ramani na meli ziko na setilaiti. Hizo taa si ni za kupigia selfi tu?* — Mtu wa boda, Kawangware

Nusu ya maneno yako ni kweli. Meli kubwa leo inaongozwa na setilaiti, ramani iko kwenye kioo, na vijana wengi wa zamu huangalia kioo kuliko dirisha. Lakini mawimbi ya setilaiti yanafika huku chini yamekwisha nguvu, na mwenye mtambo akitaka anayavuruga. Miaka ya karibuni, mashariki mwa hiyo hiyo Mediterania, meli zimejikuta kwenye vioo vyao ziko uwanja wa ndege wa Beirut, ilhali ziko majini. Mtu wa boda akiambiwa na simu kwamba yuko ndani ya Mto Nairobi atacheka, ataangalia barabara aendelee. Baharia usiku barabara yake ni zile taa. Na wavuvi wenye mashua ndogo, wa kule na wa kwetu, hawajawahi kuacha kuzitazama.

Ninalolilalamikia ni jingine. Mahali pengi wameondoa lenzi inayozunguka wakaweka taa ndogo za kisasa zinazowaka na kuzima papo hapo. Gharama imeshuka, hazihitaji fundi kila mara, sawa. Lakini ule mshale wa mwanga uliokuwa ukifagia bahari, ambao hata ukungu ukiwepo uliuona unapita juu ya kichwa chako, haupo tena. Mhandisi ataniambia usalama ni ule ule. Na iwe.

*Bwana Sarahangi, wanafunzi wangu wa Gredi ya 8 wamenibana. Kabla ya stima taa hizo ziliwashwa kwa mafuta. Moto wa mafuta ulionekanaje kilomita 30 na zaidi, ilhali koroboi haionekani ng'ambo ya uwanja wa shule? Na kwa nini minara isijengwe mirefu zaidi ili ionekane mbali zaidi?* — Mwalimu, Donholm

Mwalimu, wanafunzi wako wana akili. Koroboi inatupa mwanga pande zote: angani, sakafuni, ukutani. Wa kwenda ng'ambo ya uwanja ni kijisehemu tu. Kazi ni kuukusanya ule unaopotea na kuuelekeza wote upande mmoja.

Aliyeitatua vizuri ni Mfaransa, Augustin Fresnel, mhandisi wa barabara aliyezaliwa mwaka 1788. Lenzi moja kubwa ya kioo kizima ingekuwa nene mno, nzito mno, na kioo kinene kinakunywa mwanga. Yeye akaona kwamba kinachopinda mwanga ni uso wa kioo, si unene wake. Akauondoa unene, akaacha nyuso tu, zimepangwa pete ndani ya pete, kila pete na mteremko wake. Juu na chini wakaongeza vipande vya prizimu vya kurudisha mwanga uliotaka kukimbilia angani na ardhini. Lenzi yake ya kwanza kubwa iliwashwa mwaka 1823 katika mnara wa Cordouan, pwani ya magharibi ya Ufaransa. Alikufa mwaka 1827, kifua kikuu, hajafika miaka 40. Minara ya Menorca ilikuja baada yake na kukuta dawa iko tayari.

Wapeleke watoto kwa fundi wa magari, waombe wauone mkebe wa taa ya mbele ya Nissan kuukuu, zile za kioo, si hizi za plastiki. Wapitishe kidole kwenye kioo upande wa ndani kama umevunjika. Ile mifereji mifereji haikuwekwa kwa urembo. Nayo iko pale kuugawa mwanga na kuupeleka barabarani.

Mafuta yenyewe Uhispania yalikuwa ya zeituni. Ndiyo, yale yale ambayo chupa yake supamaketi hapa mtu huangalia bei akairudisha rafuni. Baadaye ikaja mafuta ya taa, kisha gesi, kisha stima. Lenzi ilizungushwa na mashine ya saa: jiwe zito linaning'inia katikati ya mnara, linashuka polepole, linazungusha magurudumu, na mlinzi analipandisha tena kwa mkono kabla halijafika chini. Mwisho wa karne ya 19 wakaanza kuiweka lenzi ielee juu ya zebaki ndani ya beseni la duara. Zebaki ni nzito hata chuma kinaelea juu yake, kwa hiyo mzigo wa tani kadhaa ukawa unasukumwa kwa kidole. Walinzi waliivuta hewa yake miaka na miaka, na zebaki ni sumu.

Moja watoto watalipenda. Mchana mlinzi alishusha mapazia kuizunguka lenzi yote. Lenzi haichagui upande: usiku inatoa mwanga nje, mchana jua likiingia inaukusanya ndani, na ingeweza kuwasha moto mle mle chumbani.

Sasa urefu. Taa ya Cavalleria iko mita 94 juu ya bahari, pungufu kidogo ya KICC yetu yenye mita 105. Sehemu kubwa ya urefu huo ni jabali. Mnara wenyewe si mrefu. Kwa urefu huo, mtu aliyekaa usawa wa maji ataiona kutoka maili 20 za baharini, yaani kilomita 37. Nairobi ingekuwa bahari tupu na taa ikawekwa katikati ya mji, umeshaipita Juja bado unaiona. Mbali zaidi ya hapo, mviringo wa dunia unaificha, mpaka wewe mwenyewe upande juu. Kwa hiyo ndiyo, urefu unasaidia. Jirani yake Mallorca wana taa ya Formentor, iliyowashwa mwaka 1863, iko mita 210 juu ya bahari. Lakini ukipanda sana unaingia mawinguni. Wingu likishuka likakaa juu ya jabali, mlinzi anawasha taa yake vizuri kabisa na aliye chini haoni kitu. Favàritx na Punta Nati, zilizojengwa baadaye, ziko chini ya mita 50. Hazionekani mbali mno, ila siku ya hali mbaya, ambayo ndiyo siku yenyewe, zinaonekana.

*Hujambo Mzee. Mimi sitaki mambo ya vioo. Nataka kujua nani alikuwa anakaa humo. Walikuwa na wake? Watoto walisoma wapi?* — Mama wa Makina, Kibra

Sijambo, mama. Swali lako ningelitanguliza, ila mhariri anapanga anavyotaka.

Uhispania ilianzisha kikosi cha walinzi wa minara mwaka 1851. Walifanya mtihani, walivaa sare, waliandika kitabu cha kila siku: taa imewashwa saa ngapi, imezimwa saa ngapi, mafuta yametumika kiasi gani, nani amepita. Taa kubwa ilihitaji walinzi zaidi ya mmoja ili wapokezane usiku, na jengo la chini lilikuwa na makao yao, na familia zao. Chukua familia mbili, uziweke chini ya paa moja, kisima kimoja cha maji ya mvua, jirani wa karibu ni mbuzi. Mimi nimekaa melini na wanaume miezi mingi na nakuambia ugomvi hauanzi kwa jambo kubwa. Unaanza kwa nani amemaliza sukari.

Aire ndiko kulikuwa na tabu zaidi. Ni kisiwa kidogo tambarare ng'ambo ya Punta Prima, na kwa sababu hakina mlima ilibidi mnara wenyewe uwe mrefu, mita 38, ghorofa 12 hivi za Pipeline. Chakula kilikuja kwa mashua, na mashua ilikuja bahari ikikubali. Mgonjwa vile vile, na mwenye uchungu wa kuzaa vile vile. Watoto waliokulia minarani walifundishwa na wazazi wao, au walitenganishwa nao wakapelekwa kwa jamaa mjini wapate shule. Hapo Aire kuna mijusi ambayo ni meusi tititi, na sitashangaa kama ndiyo ilikuwa marafiki wao. Watalii huwalisha matunda siku hizi.

Mitambo ikaanza kujiendesha yenyewe, taa moja baada ya nyingine ikabaki bila mtu, na sheria ya bandari ya mwaka 1992 ikakiweka kikosi chenyewe katika hali ya kumalizika: waliopo wamalize, hawaajiriwi wengine. Taa zinawaka bado. Fundi huja na gari, anaangalia, anafunga mlango, anaondoka.

*Kwa nini unatuandikia habari za bahari za Wazungu na sisi tuna pwani yetu?* — Msomaji wa Eastleigh

Kwa sababu uliniuliza juu ya taa za kule, kama si wewe basi mwenzako. Lakini haya. Ukishuka Mombasa, nenda Mama Ngina, Ras Serani, utaiona taa. Hapo pana taa mbili za kuongozea zenye kazi tofauti na za Menorca: ya mbele iko chini, ya nyuma iko juu. Nahodha anayeingia Kilindini anaziangalia zote mbili. Zikisimama moja juu ya nyingine, yuko ndani ya mlango wa bahari. Ya juu ikitoka kidogo upande, naye ametoka, na pembeni kuna mwamba. Zanzibar kuna Ras Nungwi ya mwaka 1886 na Chumbe ya mwaka 1904, na Pemba kuna Kigomasha, mnara wa chuma wa mwaka 1900. Nitaandika juu ya hizo siku ambayo mtaniletea bahasha yake.

*Mzee, tunaoana Desemba na tunataka kwenda Menorca mwaka ujao, tumevutiwa na makala yako. Twende mnara upi, na lini?* — Wachumba, Kileleshwa

Hongereni. Kwanza viza ya Schengen, anzeni mapema na msikate tiketi kabla hamjaipata. Ndege ya moja kwa moja kutoka hapa hakuna. Mtapitia Barcelona au Madrid, na kutoka Barcelona kuna feri pia. Mimi ningepanda feri. Mtu anayekwenda kuangalia taa za bahari kwa ndege simwelewi.

Epukeni Julai na Agosti. Barabara ya Favàritx hufungiwa magari ya watu binafsi majira ya joto na mnapanda basi. Mei au Septemba ni nzuri, na tramuntana bado haijakasirika. Punta Nati gari mnaliacha nyuma mnamalizia kwa miguu kati ya zile kuta za mawe, kwa hiyo bibi harusi asivae viatu vya harusi. Cavalleria ina maonyesho ndani ya jengo la zamani, na karibu yake, Sanitja, kuna mabaki ya mji wa Warumi. Wenye miguu kuna njia ya kale ya kukizunguka kisiwa chote, Camí de Cavalls, kilomita 185. Sishauri fungate nzima iishie humo.

Kama ni mmoja tu, nendeni Favàritx, na mkae mpaka giza liingie, ila ulizeni kwanza basi la mwisho ni saa ngapi. Watu wote watakuwa wanatazama mnara. Nyinyi upeni mgongo, mtazame baharini, mhesabu: moja, halafu mbili, sekunde 15.

Barua tatu za kuuliza kama nyangumi hulala nimezipata. Hilo ni la mwezi ujao.